Betri Chini ya Kiti cha Nyuma

Kwa miezi saba Waya hakuwa amegusa betri ya gari, na waliolijua jambo hilo ni watu wawili tu: yeye mwenyewe na mdogo wake wa kike.

Alikuwa fundi wa umeme wa magari. Jina la Waya alipewa zamani, alipokuwa mwanafunzi mwembamba wa kupeperushwa na upepo, likamganda hata baada ya kuota kitambi. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi hiyo bila hofu. Kisha asubuhi moja, alipokuwa akikaza kichwa cha betri, spana ilimponyoka ikalala juu ya nguzo zote mbili, chanya na hasi. Cheche moja tu, na betri ikapasuka usoni mwake. Mdogo wake alimburuta hadi bombani, akamshikilia kichwa chini ya maji huku yeye akilia kama mtoto mchanga. Jicho la kulia lilipona. La kushoto likabaki linaona mwanga na vivuli, basi.

Alirudi kazini baada ya wiki sita. Taa, redio, madirisha, makufuli, vyote alifanya. Lakini ikija kazi ya betri, ghafla mgongo ulimuuma, au simu ilikuwa na mtu wa maana wa kupigiwa. Mdogo wake, ambaye wateja walimwita Kasuku kwa jinsi anavyopenda kuongea, alielewa na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Betri zote zikawa zake. Akiinua boneti, Waya anakwenda kusimama getini na kuipa karakana mgongo.

Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, Kasuku alikuwa ametoka kufuata vipuri upande wa pili wa mji. Waya alikuwa peke yake, anafunga taa ya nyuma ya gari la mteja, simu ilipoita.

"Fundi, njoo! Njoo haraka, mama yangu amefungiwa garini!"

Aliitambua sauti. Alikuwa mkunga wa zahanati iliyo mitaa miwili kutoka pale, mteja wao wa siku nyingi, mwanamke ambaye Waya hakuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Tulia, dada. Gari liko wapi?"

"Hapa kazini, kwenye maegesho ya chini ya jengo. Nilimwacha dakika tano tu nikachukue picha ya eksirei ya mguu wake. Nimerudi, rimoti haifungui. Taa zinapepesa zenyewe. Na mama anakohoa."

"Hawezi kufungua kwa ndani?"

"Yuko kiti cha nyuma. Milango ya nyuma niliiwekea kufuli la watoto kwa sababu ya wanangu. Na mguu una plasta mpaka pajani, hawezi kuvuka kuja mbele. Nimemwambia avute pini ya kufuli, vidole vyake havina nguvu. Fundi, anakohoa vibaya."

"Ana mafua?"

"Hana. Anasema kuna harufu. Nimemsikia kupitia kioo, anasema mayai viza."

 Harufu ile Waya aliijua. Ni betri inayochemka, inayotoa gesi ya kuua, na pamoja nayo gesi nyingine isiyo na harufu inayosubiri cheche tu. Na gari la mkunga alilijua pia. Ni la kisasa, mojawapo ya yale yasiyowekwa betri mbele karibu na injini kama zamani. Betri yake inakaa ndani, chini ya kiti cha nyuma. Yule bibi alikuwa ameikalia.

"Sikiliza," alisema. "Ubavuni mwa rimoti kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, utachomoka ufunguo mwembamba wa chuma. Halafu kwenye mlango wa dereva..."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupatikana. Kule chini mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Alichukua mfuko wa vifaa, miwani ya kazi na glavu. Alifika mlangoni mwa karakana, miguu ikagoma. Ilisimama pale kama ya mtu mwingine.  Akampigia mdogo wake.

"Kaka, nina dakika arobaini kufika hapo," Kasuku alisema alipoelezwa. "Nisubiri. Usiende peke yako."

"Bibi wa watu hawezi kusubiri dakika arobaini." Akautupia mfuko begani. "Betri ya mkunga uliyofunga mwezi uliopita, ilikuwa aina gani?"

"Ile ya kawaida. Yenyewe haikupatikana, nilikwambia. Hii ilitosha kabisa kwenye kikao chake."

"Na ule mpira wa kutolea gesi, uliuchomeka?"

 

"Mpira gani, kaka?"

Betri inayokaa ndani ya gari huwa na kijibomba cha mpira, chembamba kama mrija wa soda, kinachopeleka gesi nje chini ya gari. Asiyewahi kuonyeshwa hawezi kujua. Na aliyepaswa kumwonyesha ni Waya. Alikumbuka vizuri siku ile: kiti kimeinuliwa, yeye yuko getini, anatazama barabara. "Umemaliza?" aliuliza bila kugeuka. "Nimemaliza." Kisha akamgeukia mkunga, akamwambia kwa tabasamu kwamba gari liko safi, aendeshe bila wasiwasi.

Alikimbia.

Maegesho yalikuwa chini ya zahanati, unashuka kwa mteremko wa zege hadi kwenye ukumbi wenye dari ya chini, nguzo nene na taa ndefu nyeupe. Kabla hajafika chini alisikia mlio wa chuma kugonga kioo. Mlinzi wa jengo, mtu wa miraba minne, alikuwa ameishika nondo kwa mikono miwili, anapiga dirisha la mbele. Kioo kilikuwa na alama nyeupe, hakijavunjika. Gari lilikuwa likipepesa taa zake polepole, zinafifia, zinawaka, zinafifia.

"Acha!" Waya alipiga kelele. "Acha hicho chuma! Ikitoka cheche tumekwisha sote!"

Mlinzi alibaki na nondo juu. Mkunga alikuwa ameegemea dirisha la nyuma, kiganja chake kwenye kioo. Upande wa pili wa kioo palikuwa na kiganja kingine, kilichokunjamana, kinagonga. Tap. Tap. Kisha kimya kirefu. Tap.

"Nipe rimoti."

Alibonyeza kitufe, ufunguo ukachomoka. Mlango wa dereva haukuwa na tundu la kuonekana. Watengenezaji wameliziba kwa kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kishikio. Akakibandua kwa bisibisi. Tundu hilo hapo. Akaingiza ufunguo, ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukagonga bati. Mtu wa jicho moja hupata taabu kupima umbali wa vitu vya karibu, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Mara ya tatu ufunguo ulimwanguka.

Mkunga aliuokota. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, lakini vidole vyake vilikuwa vimetulia tuli. "Niambie tu cha kufanya. Mikono niachie mimi."

"Ingiza mpaka mwisho. Zungusha kuelekea nyuma. Taratibu."

Kufuli lilitoa mlio mdogo. Mlango ukafunguka, na harufu ikawapiga usoni, nzito, ya uozo, inachoma koo na macho. Mkunga alitaka kujitosa ndani.

"Wewe nenda mlango wa nyuma, usubiri nje," Waya alimwambia. "Nikisema sasa, vuta."

Ilikuwa zamu yake, hapakuwa na mwingine. Akavuta pumzi ya mwisho ya hewa safi, akaibana, akapanda juu ya kiti cha dereva kwa magoti na kujinyoosha kuelekea nyuma. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, plasta imelala kwenye kiti kama gogo jeupe, mdomo wazi. Na chini yake, ndani ya kiti, Waya aliisikia. Chiii. Chiii. Kama birika lililosahauliwa jikoni.

Mwili wake wote ulimwambia arudi nyuma. Uso ulianza kumwasha pale pale ulipoungua, kana kwamba asidi imeshafika. Alifumba jicho lake moja zima kwa woga, akapapasa mlango kwa kidole, akaipata pini ya kufuli, akaivuta juu.

"Sasa!"

Mkunga na mlinzi walifungua mlango wa nyuma kutoka nje, wakamshika bibi makwapani na kumvuta, plasta ikiburuzika. Waya alijitupa nje kwa upande wake, akaanguka juu ya sakafu ya zege na kukohoa hadi machozi yakamtoka. Aliposimama, bibi alikuwa amekalishwa mbali, chini ya mteremko, mahali penye upepo. Alikuwa anapumua. Kila pumzi ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilikuwa pumzi.

Bibi alifumbua macho, akamtazama binti yake, kisha mlinzi, kisha fundi.

"Naomba ieleweke," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mimi sijajamba."

Mlinzi alicheka kwa kwikwi, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Mkunga hakucheka. Alileta kiti cha magurudumu, akampakia mama yake na kumpandisha juu mbio kwa daktari, akipaza sauti watu wampishe.

Wakabaki Waya na mlinzi. Gari lilikuwa bado linapepesa.

"Fundi, nina nyaya za kubusti pale kibandani kwangu," mlinzi alisema. "Tuliamshe na gari la daktari, tulitoe nje."

"Usithubutu. Usiwashe chochote hapa. Hata sigara, hata gari la jirani." Waya alijifuta midomo. "Juu yetu hapa ni chumba gani?"

Mlinzi alitazama dari. "Wodi ya wazazi. Leo wako watatu, na vichanga."

Waliwapigia zimamoto. Zimamoto wakasema wanakuja, ila wako mbali na barabara imefungwa. Mlinzi alipanda kuwaambia manesi wahamishe wazazi upande wa pili, na akazuia magari juu ya mteremko. Waya alifungua milango yote minne, akarudi nyuma hadi nguzo ya mbali, akasubiri hewa ipite. Alisubiri dakika ishirini, akitazama saa yake. Kila taa zilipowaka alijikunyata. Ndani ya gari la namna ile kuna vidude vingi vya umeme vinavyojaribu kuamka na kushindwa, tena na tena, na kila kimoja kingeweza kutoa cheche. Kadiri nyaya zilivyobaki kwenye betri, mchezo huo ungeendelea.

Angeweza kukaa pale nyuma ya nguzo hadi zimamoto wafike. Hakuna ambaye angemlaumu. Alilijua hilo, na lilimvuta kama usingizi. Lakini sauti za vichanga zilimfikia kutoka juu, na yeye ndiye aliyesema gari liko safi.

Alivaa miwani na glavu. Spana namba kumi aliizungushia tepu nyeusi ya umeme, nchani hadi mkiani, akaacha mdomo tu. Akavua saa na pete. Akatembea kuelekea gari, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia, akawa anajisemea kwa sauti, kama anavyofundishwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Inua kiti. Polepole. Kishikio kiko huku. Haya."

Betri ilikuwa imevimba mbavu zote mbili kama tumbo la mnyama aliyekufa. Ukungu mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye tundu la ubavuni, pale ambapo mpira ulipaswa kuwa. Mpira wenyewe ulilala kando, umekunjwa vizuri, haujaguswa. Joto lilimfika mashavuni.

"Hasi kwanza. Hasi ni hii nyeusi. Usiguse nyingine. Usiguse bati. Hasi kwanza."

Aliweka spana juu ya nati. Ikateleza.  Akaona tena ule weupe wa siku ile, akasikia ule mlio. Alirudisha mkono kifuani, akaushika kwa mkono mwingine hadi ukatulia kidogo. Haukutulia kabisa. Akaurudisha hivyo hivyo, unatetemeka. Robo duara. Robo nyingine. Nati ikalegea. Akashika kichwa cha waya, akakizungusha kushoto na kulia, akakinyanyua.

Taa zote za gari zikazimika.

Hakikutokea kitu kingine. Chiii ya betri iliendelea, lakini sasa ilikuwa peke yake, haina wa kushirikiana naye. Akakifunga kile kichwa kwa kitambaa kikavu, akakisukuma mbali. Kisha akatembea hatua zake kumi hadi nguzo, akaiegemea na kutapika. Suruali ilikuwa imelowa, na hakutaka kuchunguza ilikuwa imelowa kwa nini.

Zimamoto walifika baadaye kidogo, wakapima hewa, wakaibeba betri na kuipeleka uani, mbali na watu, ipoe. Mkubwa wao alimpiga Waya begani.

Kasuku alikuja akihema, amekumbatia betri mpya kama mtoto. Safari hii alikuwa amepata ile yenyewe. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka, ni mimi," alisema. "Ningemuua mama wa watu."

"Ulikuwa hujui. Mimi nilikuwa najua, nikasimama getini." Waya hakuweza kumtazama. "Lete mita."

Mchana, gari likiwa limesukumwa hadi uani, walifanya kazi hiyo wawili. Ile betri mbovu ilikuwa imepoa. Mita ilionyesha volti nane na kidogo badala ya kumi na mbili na nusu. Seli mbili zilikuwa zimekufa. Waya alimweleza mdogo wake kilichotokea: seli zikifa, gari linadhani betri ina njaa, linaishindilia chaji, na kompyuta ya gari ilikuwa haijaambiwa kwamba betri imebadilishwa wala kwamba ni ya aina nyingine, kwa hiyo ikawa inachaji kwa kipimo kisicho chake. Mkunga alikuwa ameendesha kwa saa mbili siku hiyo kumfuata mama yake. Saa mbili za kuchemsha.

Walisafisha kikao cha betri, wakaweka mpya. Chanya kwanza, hasi mwisho. Nati ya mwisho aliikaza Waya mwenyewe, uso ameugeuza kidogo pembeni, jasho likimdondoka puani. Kasuku aliuchomeka mpira. Waya akaupapasa kwa kidole hadi unapotokea chini ya gari, akamshika mkono mdogo wake na kumwambia naye apapase. Wakaunganisha kompyuta ndogo ya kupimia, wakaliambia gari kwamba lina betri mpya. Likiwa limezimwa, mita ilisoma kumi na mbili nukta saba. Injini ilipowaka, kumi na nne nukta mbili, ikatulia hapo.

Mkunga alishuka wakati huo. Mama yake alikuwa kwenye oksijeni, alisema, anaendelea vizuri, na ameshaanza kugombana na manesi.

"Asante, fundi. Mungu akubariki. Bila wewe..."

"Usinishukuru, dada," Waya alimkatiza. Na akamweleza yote: betri isiyo yake, mpira, geti. Hakuacha kitu. Kasuku alisimama kando yake, ameinamisha kichwa.

Mkunga alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa mgumu.

"Siku ile ulinitazama machoni," alisema hatimaye. "Ukaniambia niendeshe bila wasiwasi. Nyuma nilikuwa nimepakia wanangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuangalia?"

"Niliogopa."

Mkunga alilitazama jicho bovu la Waya. Kisha akachukua ufunguo mkononi mwake. "Sijui kama nitakuja tena kwenu," alisema. "Leo sijui." Akageuka na kupanda ngazi kurudi kwa mama yake.

Walirudi karakana. Waya alifika mezani, akafungua daftari la kazi, akaanza kufuatilia kwa kidole kurasa za miezi saba. Kasuku alielewa, akavuta kiti. Betri walizofunga zilikuwa nyingi, lakini nyingi zilikuwa za mbele, chini ya boneti, hazina shida. Zilizokaa ndani ya gari, kwenye buti au chini ya kiti, zilikuwa mbili nyingine. Moja ya mwalimu wa shule ya msingi. Nyingine ya mzee anayepeleka wajukuu wake kuogelea kila juma.

"Zote mbili niliziacha bila mpira," Kasuku alisema kwa sauti ndogo.

Waya alipiga namba ya kwanza. Iliita mara nne.

"Fundi wangu!" mwalimu alipokea kwa furaha. "Za siku? Gari liko poa kabisa, ndiyo kwanza nimepakia watoto sita wa darasa langu, tunakwenda..."

"Mwalimu, injini inawaka?"

"Bado. Kuna nini?"

"Usiiwashe. Washushe watoto wote, fungua milango, kaeni kivulini mbali na gari. Tunakuja sasa hivi." Alikuwa ameshasimama. "Mwalimu? Umenisikia? Niambie umewashusha."

Kasuku alikuwa tayari mlangoni na mfuko wa vifaa. Waya alibaki amebana simu sikioni, akihesabu milango inayofunguka upande wa pili, mmoja, wa pili, wa tatu, na sauti za watoto zikitoka nje moja baada ya nyingine.

"Nimewashusha wote," mwalimu alisema.

Hapo ndipo alipovuta pumzi, akachukua miwani yake ya kazi, akamfuata mdogo wake huku akiitafuta namba ya yule mzee.